Mtoto Hachukuliwi, Husindikizwa

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa, wakunga vijana wa kituo chetu walinipa kitenge, saa ya ukutani na daftari lisiloandikwa kitu. Kitenge nimekwisha kukishona. Saa inachelewa. Daftari ndilo hili, na walipolitoa walisema niandike yale ambayo hayamo katika vitabu vyao. Nimetii, ila naomba radhi mapema: sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani. Hayo yamo katika jalada langu ofisini, na nasikia panya wameanza kuyasoma.

Nitaanza na mkoba, kwa kuwa ndio uliokaa nami kuliko mtu yeyote. Ulikuwa wa ngozi nyeusi, wenye bizimu mbili, moja ikiwa imekatika tangu mwaka wa kwanza. Ndani mlikuwa na mkasi, nyuzi za kufungia kitovu, beseni dogo la enameli, brashi ya kucha, mizani ya kuning'iniza yenye kitambaa cha kumwekea mtoto, na pembe ya mti ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Ninyi mna vyombo vinavyowaandikia namba. Pembe haikuandika kitu. Uliweka sikio, ukanyamaza, na kila aliyekuwamo chumbani ilimbidi anyamaze pia. Naamini nusu ya faida yake ilikuwa hapo.

Nilizaliwa Mgeta, upande ambako mlima umesimama wima kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka shambani huokotwa na jirani wa chini. Nilisoma kwa masista, nikafanya kazi ya kusaidia wauguzi katika hospitali moja mjini Morogoro, nikaolewa na mwalimu. Mume wangu alifariki kwa homa kabla binti yetu, Felista, hajajua kutembea. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Miezi michache baadaye hospitali ikapata nafasi moja ya kumpeleka mwanamke kusomea ukunga Uganda, na nafasi hiyo nikapewa mimi, labda kwa sababu nilikuwa mjane na hapakuwa na mwanamume wa kuandikiwa barua ya kuombwa ruhusa.

Wa kuombwa ruhusa alikuwa mama yangu, Bibi Monika. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo upande wa marehemu haukuwa na neno. Nilipanda mlima nikiwa na Felista mgongoni na hotuba nzima kichwani. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuningoja nimalize.

"Nenda," akasema. "Mtoto ataachishwa ziwa, atalia siku tatu, atanyamaza. Atakusahau. Usijidanganye juu ya hilo."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Mtoto wa umri huu husahau hata njaa ya jana. Lakini nisikilize, Rozalia. Ukirudi, usije ukamchukua. Kwetu mtoto aliyelelewa na bibi hachukuliwi, husindikizwa. Siku ikifika nitamleta mwenyewe, na mkeka wake, na kuku wake."

"Siku ipi, mama?"

"Kama ningeijua ningekutajia." Akarudi kwenye mahindi yake.

Nilisafiri kwa garimoshi hadi Mwanza, kisha kwa meli ya ziwani. Niliyekuwa sijaona maji mapana kuliko mto wa kwetu nilitapika hadi Uganda, na wa kwanza kunihudumia katika nchi hiyo alikuwa mpishi wa meli aliyenipa ndizi mbichi nitafune. Sijui kama ni tiba. Nilipona kwa aibu.

Aliyetufundisha ukunga alikuwa mtawa wa Kizungu, mfupi, mwenye sauti ndogo. Tulimwita Sista Mwalimu. Mambo mengi aliyotufundisha yamekwisha kupitwa na wakati, ila moja halijapitwa. Lilihusu mtoto anayetanguliza matako. Mkunga mgeni akiona matako na miguu imetoka, mikono yake humwasha, hutaka kuvuta. Ukivuta, mikono ya mtoto hupanda juu ya kichwa, na kichwa hukwama. Kwa hiyo Sista Mwalimu alitupanga mbele ya kitanda na kutuamuru tufunge mikono nyuma, viganja ndani ya viganja, tutazame. Aliyeifungua kabla ya wakati alipigwa kwenye vifundo vya vidole kwa pembe ya kusikilizia. "Mikono nyuma," alisema. "Mtoto anaijua njia. Ninyi ndio msioijua." Mtoto hushuka kwa uzito wake mwenyewe, na shingo yake ikionekana nyuma ndipo unapomshika miguu na kumwinua. Nilipigwa mara mbili. Sikupigwa ya tatu.

Barua za nyumbani ziliandikwa na katekista, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Zilikuwa fupi, lakini kila moja ilikuja na karatasi ya pili, ambayo juu yake mama alikuwa amemsimamisha Felista na kuuzungushia unyayo wake penseli. Hakuna neno, unyayo tu. Nilizibandika ukutani juu ya kitanda changu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiuzidi ule uliotangulia kwa upana wa kidole. Wenzangu walikuwa na picha za wachumba. Kabla ya kurudi nilichukua unyayo wa mwisho nikaenda nao kwa fundi, akanishonea viatu vyekundu vya ngozi.

Niliporudi Felista alikuwa amekwisha kupita miaka minne. Alikuwa mlangoni kwa mama, anachambua njegere. Nilikuwa nimevaa sare, kwa ujinga wa kutaka aone kitu cha kujivunia. Akasimama, akafuta mikono kwenye gauni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba," nikajibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa woga, hata kwa kukimbiwa. Kwa adabu sikuwa nimejiandaa.

Hospitali ilikuwa imenipa wiki moja ya kupumzika na chumba katika nyumba za wafanyakazi. Matroni alitaka mkunga awe karibu, asikie akiitwa. Siku ya nne nilimwambia mama kwamba naondoka na mtoto. Sikuomba, nilimwarifu, kwa sauti niliyojifunza wodini. Mama hakubishana. Alimnawisha Felista uso, akamfunga kanga kifuani, akatusindikiza hadi penye ukingo wa shamba, akarudi. Hakutoa mkeka. Hakutoa kuku. Nilielewa maana yake, nikajifanya sikuelewa.

Viatu vilimbana, kwa sababu unyayo ule ulikuwa wa miezi mitano iliyopita. Alivivaa bila kulalamika.

Mjini tulikaa siku tisa. Wakati wa zamu zangu Felista alibaki kwa jirani yetu, Bi Zuhura, mke wa fundi wa reli, mwanamke wa roho safi na ulimi usiolala. Jioni ya siku ya sita aliniita pembeni.

"Mama Felista, huyu mtoto wako ana adabu mno."

"Si ndiyo vizuri, dada?"

"Vizuri kwa mgeni. Wa kwangu leo wamevunja kikombe na kupigana juu ya vipande vyake. Mtoto wa umri huu asipovunja kitu, ujue yuko safarini."

Nilicheka. Siku ya tisa, asubuhi, nilikuwa na mama aliyefika mwisho wa uchungu, na kichwa cha mtoto kimekwisha kuonekana, niliposikia dirisha la wodi likigongwa. Alikuwa Bi Zuhura, hana ushungi.

"Toka nje, mama Felista."

"Siwezi. Sema hapo hapo."

"Mtoto simwoni."

Nitawaambia nilichofanya, maana ninyi pia kuna siku mtagongewa dirisha. Nilibaki. Nilimpokea yule mtoto, nikafunga kitovu mahali pawili, nikakata, nikangoja kondo la nyuma, nikalikagua kama limetoka lote, nikaandika saa. Nilipofika nje ndipo magoti yalipokataa. Tangu siku ile sijamwamini mtu anayesema kwamba mwanamke huacha watoto wake mlangoni anapoingia kazini. Huingia nao, tena wanakaa kwenye magoti.

Kwenye kizingiti cha Bi Zuhura nilikuta viatu vyekundu, vimepangwa sambamba, visigino ukutani.

Tulimtafuta hadi sokoni. Pale palipokuwa pakiegeshwa lori la mboga kutoka milimani, muuza vitunguu mmoja alituambia kwamba wanawake wa Mgeta wamekwisha kuondoka na matenga yao matupu, na miongoni mwao kulikuwa na mtoto aliyejifunga kanga, ameketi juu ya tenga kama mwenye mali. Nilikaa chini penye maganda ya vitunguu. Nililia kwa kushukuru, na katikati ya kushukuru nikaona wivu juu ya tenga.

Kesho yake nilipanda. Njiani nilikutana na mmoja wa wanawake wale, Mama Apolinari, mkulima wa kabichi ambaye sauti yake huvuka mabonde mawili bila kuchoka. Aliushusha mzigo wake ili anisute kwa nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja kushukuru."

"Nilimkuta juu ya tenga langu. Nikamuuliza, wewe wa nani? Akasema, wa Bibi Monika. Nikamuuliza, mama yako yuko wapi? Akasema, yuko kazini. Hakulia. Basi mimi sikumwiba, Sista. Mzigo wenye anwani hupelekwa."

Kwa mama nilimkuta Felista anachambua njegere, mahali pale pale. Alinitazama, kisha akatazama miguu yangu, nadhani alikuwa anaangalia kama nimevileta viatu. Sikuwa nimevileta. Mama alinikaribisha uji. Hakunikaripia, na hilo lilinichoma zaidi. Niliporudi mjini niliomba uhamisho kwenda kliniki ndogo ya vyumba viwili iliyokuwa haina mkunga huko huko milimani, mwendo wa saa moja kutoka kwa mama.

"Unaitupa elimu yako juu ya mlima," Matroni alisema.

"Ndiko ilikotoka, Matroni."

Lilikuwa jibu zuri, ila halikuwa la kweli. Ukweli ni kwamba sikujua njia nyingine.

Kliniki ile ilikuwa na bati lililovuja, kitanda kimoja cha chuma, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, na ukungu uliokuwa ukiingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Miezi ya mwanzo hakuja mtu. Wanawake walijifungulia majumbani, wengi mikononi mwa mama yangu, aliyekuwa mkunga wao tangu mimi sijazaliwa. Aliyeijaza kliniki yangu hakuwa mimi, ilikuwa Serikali. Wakati huo iliamuru kila kaya kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba, kazi iliyochukiwa mlima mzima, na mjamzito aliyekuwa na cheti cha mkunga aliachwa apumzike. Sijapata kuona ujauzito ukienea kwa kasi ile. Alikuja hata bibi mmoja asiye na jino.

"Umri wako, bibi?" nikamuuliza.

"Andika tu, mwanangu. Mungu ndiye ajuaye."

Sikumwandikia, lakini nilimpa chai. Na kati ya waliokuja kwa ajili ya karatasi, wengi walirudi kwa ajili ya pembe, kwa kuwa nilikuwa nawaachia mama zao na dada zao waweke sikio wasikie wenyewe. Habari ya pembe ilitembea kuliko mimi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mama. Sikuomba mtoto. Nilichambua njegere. Miezi ya kwanza Felista aliendelea kuniita Sista. Siku moja aliufungua mkoba wangu bila ruhusa, akatoa pembe, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia aiweke kifuani kwa bibi yake asikilize.

"Kuna nini humo?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Kuna mtu anatwanga mbali."

Mama alisema ni yeye, anatwanga tangu ujana wake na hajapata msaidizi. Felista akacheka, akaivunja bizimu ya pili ya mkoba alipokuwa anaufunga. Nilikumbuka maneno ya Bi Zuhura, nikatafuta kamba. Nimezeeka na mkoba wenye kufungwa kwa kamba.

Kisha ikaja siku ya Tekla. Alikuwa binti wa Mama Apolinari, na ule ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Mvua ilikuwa imekata njia ya kwenda mjini. Mchana Mama Apolinari alifika kliniki amelowa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anaongea kwa sauti ya chini. Nilipofika nyumbani kwake nilimkuta mama yangu amekwisha kumpakata Tekla kwa nyuma, mikono imepita chini ya kwapa. Nilinawa, nikapima. Mtoto alikuwa anatanguliza matako.

Nilifundishwa kumlaza mzazi chali. Mama alisema akilazwa atashindwa kusukuma. Tulitazamana, kisha nikamwomba amsogeze ukingoni mwa kitanda cha kamba, amkalishe vile vile alivyompakata, ili mimi nipate nafasi ya kupiga magoti mbele. Nikatandika kitambaa safi. Matako yakatoka, kisha mguu, kisha wa pili, kisha tumbo hadi kitovu. Kisha kila kitu kikasimama, kama inavyokuwa siku zote. Mtoto aning'inia nusu ndani nusu nje.

Nikafunga mikono nyuma.

"Mvute," akasema mwanamke mmoja.

"Bado."

"Atakufa huyo, mvute," akasema mwingine.

Mama Apolinari akasogea, sauti yake ikamrudia yote. "Sista, mbona umepiga magoti tu? Ulivuka ziwa kwenda kujifunza kupiga magoti?" Akanyoosha mikono yake mwenyewe kumshika mjukuu wake.

"Mwache," alisema mama yangu juu ya bega la Tekla. "Huyu anajua."

Sikuwa na uhakika kama najua. Nilihesabu pumzi za Tekla. Uchungu ukarudi, mabega yakateremka, mkono mmoja ukatoka wenyewe, kisha wa pili. Nikaona nywele penye kisogo. Hapo nikaifungua mikono, nikaishika ile miguu miwili, nikainua polepole, na uso ukatoka kidevu kwanza, kisha pua, kisha paji. Alikuwa wa kiume, wa rangi ya jivu. Nilimsafisha kinywa, nikamsugua mgongo kwa kanga. Alichelewa kulia. Alipolia, Mama Apolinari alitoka nje akaitangazia Mgeta yote.

Baadaye mama na mimi tulinawa katika beseni moja.

"Hilo walikufundisha Uganda?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kutovuta?"

"Ndiyo."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza."

Akakung'uta maji mikononi. "Basi nimeelewa. Mimi nilikuambia kwa Kiluguru."

Akaenda kumfunika Tekla kanga.

Niseme hapa, kabla sijafika mwisho, kwamba vijana wengi huniuliza niliwezaje kazi na malezi kwa pamoja, wakitarajia nitoe ratiba. Sikuweza kwa pamoja. Kila siku kimoja kilipunjwa, na mtu wa tatu ndiye aliyejaza pengo: mama yangu, Bi Zuhura, hata Mama Apolinari na tenga lake. Mwenye kuwaambia kwamba aliweza peke yake, muulizeni ni nani aliyekuwa anapika.

Yapata miezi miwili baada ya mtoto wa Tekla, siku ya kliniki, baraza limejaa wajawazito wa kweli na wa karatasi, nilisikia mmoja wao akisema, "Bibi Monika anakuja na msafara." Nikatoka. Kwenye njia ya ukingo wa mlima mama alikuwa anateremka, kuku mwekundu kwapani. Nyuma yake Felista, peku, mkeka mpya umekunjwa na kuwekwa kichwani, mkono mmoja ukiushikilia, na mwingine ukisawazisha mwendo kama ninavyoona wanawake wa kwetu wakiteremka na kabichi.

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Palibaki kama hatua mia, na kuna mahali penye utelezi ambapo mtu angeweza kumpokea mtoto mkeka bila kulaumiwa na yeyote. Nilisimama barazani, nikafunga mikono nyuma. Wanawake walinyamaza, kama vile nimetoa pembe.

Mama alisimama chini ya ngazi, akamwacha mtoto apande peke yake. Felista alifika mbele yangu, akautua mkeka, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi kasema nije nione kama hapa panakalika."

"Tazama."

Akaingia. Nilimsikia akipita vyumba vyote viwili, akigusa kitanda cha chuma, akifungua na kufunga dirisha. Alirudi, akasimama mlangoni, uso umekunjamana kwa fikra.

"Panakalika," akasema. "Ila kuku atalala wapi?"

Nilimwambia tutamtafutia mahali. Nilipoifungua mikono nimpokee huyo kuku, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.